Uzio wa Wanstead Flats
Shajara ya mwalimu wa jiografia, London, Machi hadi Julai 2025

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeanza mada ya mali asili na darasa la kumi, ambao kwetu Tanzania wangekuwa kidato cha tatu. Nimewaambia kila mmoja aandike mali asili tatu na mahali zinapopatikana. Karatasi zimerudi zimejaa dhahabu, almasi, mafuta na kobalti. Mahali ni Congo, Congo, Saudi Arabia, Amazon, Congo tena. Maji hayakutajwa na yeyote. London haikutajwa na yeyote, na hali sisi huku Newham tunapakana na ardhi ya msitu wa kale ambao watu wa mitaa hii hii waliupigania wakaupata.

Siwezi kuwalaumu, maana ndivyo kitabu kinavyowafundisha. Kwenye sura ya misitu, anayeshika shoka ni mkulima wa nchi ya joto, na anayeshika kalamu na takwimu ametoka kwingine. Mtoto akilelewa na kitabu hicho miaka miwili anamaliza akiamini kwamba uhifadhi ni kazi ya kuwazuia watu wa mbali wasiharibu kwao. Na nusu ya darasa langu wazazi wao wametoka huko mbali: Sylhet, Mogadishu, Lagos, Kinshasa. Tunawafundisha kuwashtaki bibi zao.

Nimeshaamua. Utafiti wa nje unaotakiwa na mtihani, mwaka huu tutaufanya Wanstead Flats, karibu na nyumbani, na tutaanza na swali ambalo kitabu hakiliulizi: ardhi hii ni ya nani, nani anaitumia, na nani ameamua hivyo?

Alhamisi, 6 Machi

Somo la maji. Niliwauliza ni wapi mvua hunyesha zaidi, London au Dar es Salaam. Mikono yote London. Nikawaonyesha chati: London hupata kama milimita 600 kwa mwaka, Dar kama 1,100. Walidhani nimegeuza chati. Mji huu una mawingu mengi na manyunyu ya kila mara, lakini maji yenyewe si mengi kama watu wanavyofikiri, na yanagawanywa kwa watu milioni tisa.

Kisha bomba. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka mto Thames na mto Lea. Mabwawa kumi ya Walthamstow, ambako tangu 2017 mtu anaweza kuingia bure kutazama ndege, yanahudumia watu kama milioni tatu na nusu. Wengine wanapita karibu nayo kwa treni kila wiki na hawakujua kuwa ndiyo maji ya chai yao. Nikawaeleza kwamba mabomba ya kampuni ya maji huvujisha zaidi ya lita milioni 500 kila siku, na mvulana wa nyuma akasema kwa hasira ya kweli, "Halafu sisi ndio tunaambiwa tuoge haraka?" Nimeliandika swali lake ubaoni, likabaki pale hadi kengele. Ni swali la usimamizi wa mali asili kwelikweli, na limetoka kwake bila kusukumwa.

Jumatano, 12 Machi

Tumekwenda Wanstead Flats. Baridi, upepo wa kukata masikio. Wengi wao wamefunga, nami nimefunga, kwa hiyo nilipanga tutoke mapema turudi kabla ya adhuhuri. Mwenzangu mmoja wa idara alishauri tuahirishe hadi baada ya Idi. Watoto wenyewe ndio waliokataa. Walisema wakiwa darasani saa ya tano ndiyo njaa huuma zaidi.

Flats ni uwanda, ncha ya kusini ya Msitu wa Epping. Upande mmoja viwanja vya mpira, upande mwingine nyasi zilizoachwa ziote, na vichaka vya miiba vyenye maua ya njano. Niliwaambia wachume ua moja wakalipikiche vidoleni wanuse. Msichana wa Kisomali akapiga kelele, "Nazi!" Ni kweli, harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi, hapa, ukiwa unatazama maghorofa ya Stratford. Foleni ya kunusa ilichukua muda ambao sikuupanga na sikuujutia.

Kila kundi lilikuwa na kwadrati, ile fremu ya nusu mita kwa nusu mita, na kazi yao ilikuwa kuhesabu aina za mimea iliyomo. Kundi moja fremu yao iliangukia kichuguu. Vimejaa pale, vichuguu vya sisimizi wa njano, vimefunikwa majani mafupi. Mvulana mmoja alitaka kuisogeza fremu, akisema kichuguu kinaharibu vipimo vyao. Nikamwambia aiache ilipoangukia, ahesabu. Alipiga magoti kwenye baridi ile, akaanza kutenganisha jani na jani kwa ncha ya kalamu: hili lina nywele, hili ni jekundu shinani, hili lina ladha chachu (alilionja kabla sijamwahi). Akapata aina nyingi kuliko kwenye fremu ya uwandani. Nikamweleza kwamba kichuguu cha namna hii hujengwa polepole miaka mingi, na jembe likipita mara moja kimekwisha. Kwa hiyo kukiona ni kuona ardhi ambayo haijalimwa kwa muda mrefu. Alirudi kwenye kichuguu chake akakipiga picha kutoka pande zote.

Kisha tukafika kwenye uzio. Ni uzio mwepesi, wa msimu, na kibao kinachoomba watu na mbwa wasipite. Huwekwa Machi na kuondolewa mwisho wa Agosti, kwa ajili ya kipozamataza. Ndege huyu hutaga chini, ndani ya nyasi, na mbwa mmoja aliyefunguliwa kamba anatosha kumfukuza mama juu ya mayai. Uingereza imepoteza zaidi ya nusu ya vipozamataza wake tangu miaka ya 1970, hasa kwa sababu ya mabadiliko ya kilimo, na hawa wa Flats ni miongoni mwa wachache wanaozaliana ndani ya London. Tulimsikia kabla ya kumwona: anapanda moja kwa moja juu huku anaimba, wala hapumziki.

Hapo hapo kwenye uzio nikawasimulia habari ya Julai 1871. Earl Cowley, mwinyi wa Wanstead, alikuwa amezungushia uzio sehemu za uwanda huu. Tarehe 8, maelfu ya watu wa London Mashariki, mafundi na vibarua na wake zao, walikusanyika hapa kupinga. Jioni uzio ukavunjwavunjwa.

Msichana ambaye kwa kawaida haongei akauliza, "Kwa hiyo ule ulikuwa uzio mbaya na huu ni mzuri. Nani anayeamua tofauti?"

Nilimwambia alishike swali hilo hadi Julai. Nitalijengea mada nzima.

Jumapili, 16 Machi

Nimempigia mama baada ya kufuturu. Shikamoo, marahaba, habari za mfungo, mvua za Lushoto zimeanza au bado. Nikamwuliza utaratibu wa siku za kuni kwenye msitu wa Serikali siku hizi ukoje.

"Jumatano na Jumamosi, mwanangu, kama zamani. Kuni kavu zilizoanguka. Panga huingii nalo."

"Na anayeingia nalo?"

"Tunamjua. Kijiji kidogo hiki. Kamati wanamwita, anatozwa, na mke wake anaona aibu kisimani."

Nikamwuliza kama kamati inatenda haki. Akanyamaza kidogo, akasema wenye mbao wakija na lori na karatasi ya mjini, kamati haina sauti. Lakini mwanamke mwenye panga wanampata siku hiyo hiyo. Hajafika chuo, na amenieleza kwa pumzi moja udhaifu wa sera ya misitu ya ushirikishwaji ambayo sheria yetu ya 2002 iliipa mlango. Nitakwenda kulisema darasani, kwa jina lake la mama tu.

Jumanne, 25 Machi

Leo tumeendesha kesi. Mshtakiwa: Thomas Willingale wa Loughton, kibarua, mkata matawi.

Nimewapa mambo haya. Watu wa Loughton walikuwa na haki ya jadi ya kukata matawi ya miti ya Msitu wa Epping kwa ajili ya kuni, kuanzia usiku wa 11 Novemba hadi 23 Aprili. Walikata matawi tu, juu ya kimo cha ng'ombe, ili machipukizi yasiliwe na mifugo, na shina liliachwa liishi. Mti ukipogolewa hivyo hurudi tena na tena na unaweza kuishi karne kadhaa. Miaka ya 1860 mwinyi wa Loughton, John Whitaker Maitland, ambaye pia alikuwa mchungaji wa parokia, alizungushia uzio zaidi ya ekari elfu moja za msitu auze viwanja. Willingale na jamaa zake wakaingia na mashoka yao kama kila mwaka. Mwaka 1866 watu wa familia yake walifungwa. Kesi ikabebwa na chama kipya cha kutetea ardhi za umma, kilichoanzishwa London mwaka 1865. Willingale alikufa 1870 bila kuona mwisho wake.

Niligawa darasa: upande wa mwinyi, upande wa wakata matawi, upande wa Jiji la London, ambalo baadaye lilifungua kesi yake na kushinda mwaka 1874 kwa kuwa nalo lilikuwa na ardhi yenye haki ya malisho msituni. Kundi la mwinyi lilikuwa na hoja kali kuliko nilivyotegemea. "Ardhi ni yetu, hati tunayo, nyumba zinahitajika." Mvulana mmoja akaongeza kuwa watu wengi wakikata bila mwenyewe kusimamia, msitu utakwisha. Ndiyo hoja ya Garrett Hardin ya 1968, kwamba mali ya wote huangamizwa na wote, na kitabu chao kinaitaja kama kanuni ya maumbile.

Wakata matawi wakamjibu kwa tarehe. Tuna msimu. Tuna kimo. Tuna shina ambalo halikatwi. Tumekata mamia ya miaka na msitu upo. Wewe umekuja juzi na uzio na msitu umepungua karibu nusu. Msichana aliyetoa hoja hiyo hajasoma Elinor Ostrom, ambaye alipewa Nobel ya uchumi 2009 kwa kuonyesha jambo hilo hilo kwa mifano kutoka milima ya Uswisi hadi mifereji ya Hispania. Kesho nitawapa ukurasa mmoja wake, na nitawapa maneno ya mama kuhusu panga, siku za kuni na lori lenye karatasi.

Hatukupiga kura. Kengele ilitukuta wanabishana kama mwinyi alipwe fidia.

Jumatano, 9 Aprili

Likizo. Nimepanda treni ya Central hadi Loughton kuiona miti yenyewe, peke yangu, bila foleni ya watoto na bila fomu ya usalama.

Sheria ya Msitu wa Epping ya 1878 ililikabidhi Jiji la London msitu huu, ubaki ardhi isiyo na uzio wala majengo, kwa starehe ya umma, daima. Sheria hiyo hiyo ilifuta haki ya kukata matawi. Watu wa Loughton walipewa fidia ya pauni 7,000, na sehemu ya fedha hizo ikajenga ukumbi wa kijiji, Lopping Hall, uliofunguliwa 1884. Bado upo barabarani, matofali mekundu, nimeupiga picha.

Nimeukaribia mti mmoja wenye gome laini la kijivu, si mbali na njia. Shina lake fupi na nene, watu watatu wasingelikumbatia. Hadi juu kidogo ya kichwa changu ni mti mmoja. Kutoka hapo ni kama bonge la ngumi, vinundu juu ya vinundu, kila kinundu ni kovu la shoka la majira ya baridi fulani. Na kutoka kwenye vinundu hivyo yanapanda matawi manane au tisa, kila moja nene kama mti kamili, yamenyooka kwenda juu. Hayo ndiyo matawi ambayo hayakukatwa tena baada ya 1878. Yamepata karibu miaka mia na hamsini ya kunenepa juu ya shina lililozoea kupunguziwa mzigo kila baada ya miaka michache. Hatua chache mbele kuna mwenzake aliyepasuka katikati kwa uzito wake mwenyewe, nusu imelala, moyo umeoza unga mwekundu. Miti ile ikivaa majani, kivuli chini yake ni kizito, hakuna kinachoota.

Hili ndilo nililolijia. Msitu ulikombolewa kutoka kwa mwinyi, kisha wakombozi wakawatoa waliokuwa wakiutunza kwa shoka, kwa kuamini kuwa msitu mzuri ni ule ambao mkono wa mtu haujaugusa. Msitu ukaanza kuugua ugonjwa wa kuachwa. Unasemekana kuwa na miti ya namna hii zaidi ya 50,000. Miaka ya karibuni watunzaji wamerudi kupogoa, sasa kwa mashine na bajeti, wakienda taratibu kwa sababu mti mzee ukiukata ghafla unakufa. Wamerudisha pia ng'ombe wenye pembe ndefu ili wale vichaka na kufungua nafasi. Ng'ombe hao huvishwa kola inayofuatiliwa kwa setelaiti: akikaribia mpaka anasikia mlio, akizidi anapata mshtuko mdogo. Uzio usioonekana. Msichana wangu wa swali la uzio atalipenda hilo.

Waliofungwa 1866 walikuwa wahifadhi. Nataka kulisema hivyo, wazi, mbele ya darasa na mbele ya mkaguzi akija.

Jumatatu, 28 Aprili

Somo gumu kuliko yote ya muhula, na nililingoja.

Niliwaandikia ubaoni: London, 19 Mei 1900. Siku hiyo, katika mji huu, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia na dola ya Mfalme Leopold ya Congo walitia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Hapakuwa na Mwafrika mezani. Haukuridhiwa na wote, lakini vifungu vyake viliingia katika sheria za makoloni: leseni za kuwinda, mapori ya akiba, marufuku ya mitego na mashimo, ambazo ndizo zana za mwindaji asiye na bunduki. Watoto walishangazwa zaidi na orodha ya wanyama wabaya. Simba yumo. Chui yumo. Mbwa mwitu yumo. Mkataba ulitaka wapunguzwe. "Simba?" walirudia. Ndiyo, simba ambaye leo ndiye picha kwenye kila kipeperushi cha uhifadhi.

Mwaka 1903 ikaanzishwa hapa hapa London jumuiya ya kuhifadhi wanyama wa himaya, ya mabwana wengi waliokuwa wawindaji. Mwaka 1933 mkataba wa pili, London tena, ukasukuma wazo la hifadhi za taifa ambamo hawakai watu. Kisha nikawapeleka Serengeti. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa kwenye nyanda za Serengeti ili pawe hifadhi pasipo watu, wakaahidiwa Ngorongoro, ambako wangeishi pamoja na wanyama. Na tangu 2022 maelfu ya watu wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wangu mimi wa Tanga. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wengi wao wanasema huduma zao zilipunguzwa hadi kubaki kukawa kugumu. Niliwaambia nina ndugu Handeni, na kwamba nao wana maneno yao kuhusu ardhi iliyotolewa kwa wageni kabla wenyeji hawajaulizwa.

Sikutaka watoke wakidhani hifadhi ni uovu. Nimewaambia ukweli wangu: nilipokuwa shule Tanga nilikuwa mwanachama wa klabu ya wanyamapori ya Malihai, na siku nilipomwona tembo kwa mara ya kwanza nililia. Bila Serengeti kulindwa, nyumbu wale wasingevuka Mara leo. Nyerere alipotoa tamko la Arusha la Septemba 1961 la kuahidi kuwalinda wanyama, alimaanisha, na chuo cha Mweka kilichofunguliwa 1963 kimewafundisha Waafrika wa nchi nyingi kazi hiyo. Vitu viwili vinakaa pamoja kwenye moyo wangu na ninataka vikae pamoja kwenye mioyo yao.

Mvulana wa kichuguu akainua mkono. "Watu wa Loughton walipoteza haki yao wakapewa fedha na ukumbi, na msitu wakabaki wanaruhusiwa kuingia. Wamasai walipoteza haki yao, na Serengeti hawaingii. Tofauti ni nini? Miti ile ile, shoka lile lile."

Nikamwuliza yeye anaonaje.

"Wa Loughton walikuwa karibu na mahakama," akasema.

Nimeiandika kama alivyoisema.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imegoma tangu Machi. Nyasi za uwanja wa shule zimegeuka rangi mwezi ambao kwa kawaida ndipo kijani chake huwa kikali. Darasa la kumi na moja wako kwenye mitihani, korido ni kimya.

Nimewapa darasa langu mfano wa Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, Kwale, Kenya: hekta 117 za mikoko, mradi wa kuuza hewa ya ukaa ulioanza mwaka 2013, na fedha zinarudi kwa vijiji vya Gazi na Makongeni kwa maji na vitabu vya shule, kwa uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Nilitegemea watashangilia. Wawili walishangilia. Wa tatu akauliza kama mnunuzi wa ukaa huo hununua ruhusa ya kuendelea kuchafua. Tumebishana hadi mwisho, na msimamo wangu nimewapa waziwazi: fedha ni ndogo, na mnunuzi anajitakasa kwa bei rahisi, lakini mikoko imesimama, samaki wanazaliana mizizini, na kamati ni ya watu wa Gazi. Mimi ningeusaini. Yule wa tatu hakukubali, na insha yake ndiyo bora kuliko zote.

Jumatano, 2 Julai

Tumerudi Flats. Jana joto lilifika nyuzi 34. Leo afadhali kidogo, lakini nyasi zinapasuka chini ya viatu. Niliwakumbusha Julai 2018, moto uliochoma karibu hekta mia moja za uwanda huu, wazimamoto zaidi ya 200. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Walikuwa watoto wa miaka saba au minane na wengi waliona moshi kutoka madirishani.

Kazi ya leo ilikuwa kuzungumza na watumiaji. Mzee mwenye mbwa wawili alimwambia msichana wa swali la uzio kwamba alikuwa akipita hapo tangu utotoni na uzio ulipowekwa alikasirika, kwa sababu aliukuta tu, hakuambiwa. Siku hizi anauheshimu. "Wangeniuliza ningekubali tangu mwaka wa kwanza," alisema. Mama mwenye gari la mtoto hakujua ndege gani analindwa. Vijana wa mpira walitaka kujua kama kuna mpango wa kuchukua viwanja. Mlinzi wa msitu aliyepita kwa baiskeli alisimama akajibu maswali yao nusu saa nzima, juani, kwa subira ambayo nimemshukuru nayo mara mbili.

Kipozamataza hakuimba.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemaliza kusahihisha. Kazi ya mwisho ilikuwa kila kundi liandike sheria ndogo za Flats, ukurasa mmoja, na kueleza nani atazisimamia.

Kundi la msichana wa uzio limeubakisha uzio, Machi hadi Agosti, lakini wameweka masharti: kila Februari uitishwe mkutano wa watumiaji, wenye mbwa, wachezaji, shule na mlinzi wa msitu, mpaka uchorwe upya kufuatana na mahali ndege walipotaga mwaka uliotangulia, shule za jirani zihesabu ndege wanaoimba alfajiri, hesabu zibandikwe kwenye kibao cha uzio, na uzio uondolewe mapema iwapo makinda wameruka. Chini wameandika jibu la swali la Machi: uzio ni mzuri kama aliyewekewa anajua sababu yake, alikuwepo ulipoamuliwa, na anajua siku utakapoondolewa. Mwongozo wa kusahihisha hauna kisanduku cha jibu hilo. Nimewapa alama zote za sehemu ya tathmini, na nimeandika pembeni sababu, ili idara wakitaka kunipinga wanipinge kwa maandishi.

Kundi jingine linataka uzio uondolewe kabisa na faini ya mbwa ipandishwe. Sikubaliani nao, faini huwaangukia wasio na bustani nyumbani. Hoja yao imejengwa vizuri, wamepata alama zao.

Mkuu wa idara amekubali Flats ibaki utafiti wa mwakani, na kesi ya Willingale iingie kwenye mpango wa masomo kabla ya sura ya Amazon. Somo la 1900 ameliomba alisome kwanza. Nimempelekea jioni hii, pamoja na ramani ya Serengeti na ya Ngorongoro. Nimemwandikia pia mlinzi wa msitu kuomba aje darasani Februari, na kuuliza kama watoto wanaweza kuhudhuria wanapochora mpaka wa uzio. Nasubiri majibu yote mawili kabla shule haijafunga tarehe 22.